Jean Schramme: muzungu aliyeshika Bukavu kwa miezi mitatu

Kwa wakaaji wengi wa Bukavu, hesabu ya vita inaanza 1996. Lakini ongea na wazee wa Kadutu au wa Bagira, watakurudisha nyuma zaidi. Watakutajia 1964, mwaka wa Simba, kisha watakutajia 1967, mwaka wa mamluki. Na hapo jina moja litatoka: Schramme. Vijana wengi wamelisikia jina hilo bila kujua mtu mwenyewe alikuwa nani, alitoka wapi na aliondoka namna gani. Leo tunaeleza maisha yake, kwa sababu yameingia katika historia ya mji wetu, na kwa sababu deni la vita vyake lililipwa na watu wengine.

Jean Schramme alizaliwa tarehe 25 Machi 1929 katika mji wa Bruges, Ubelgiji. Alifika Kongo akiwa kijana wa miaka 18 hivi, nchi ikiwa bado koloni. Hakuja kama askari. Alikuja kutafuta maisha katika kilimo, na baadaye akapata shamba kubwa huko Bafwakwandji, ndani ya msitu wa upande wa Kisangani, mji ambao wakati ule uliitwa Stanleyville. Walowezi wa namna yake walizoea kuishi kama wafalme wadogo: yeye ndiye mwenye ardhi, yeye ndiye anayelipa mshahara, na ugomvi ukitokea kati ya wafanyakazi, yeye tena ndiye anayekata maneno. Ukitaka kuelewa mambo aliyoyafanya baadaye, kumbuka lile shamba.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, hazikupita siku nyingi askari wa Force Publique wakaasi na Wazungu wengi wakakimbia nchi. Schramme naye aliacha shamba, akavuka hadi Uganda, kisha akaelekea Katanga. Huko Moïse Tshombe alikuwa ametangaza kwamba jimbo lake linajitenga na Kongo. Hapo ndipo mkulima aligeuka mpiganaji. Alikusanya vijana, akawafundisha silaha, na kikosi chake kikaja kujulikana kwa jina la Chui. Katanga ilipoanguka mwezi wa kwanza 1963, hakurudi Ulaya. Alivuka mpaka na watu wake, akaingia Angola iliyokuwa chini ya Wareno, na kukaa huko kungojea.

Hakungoja sana. Mwaka 1964 uasi wa Simba ulishika mashariki yote, na Tshombe yuleyule akaitwa kutoka uhamishoni kuwa waziri mkuu. Basi, wanajandarmu wa Katanga walirudishwa na Wazungu wa kukodiwa wakaletwa. Mike Hoare aliongoza Komando ya 5, Bob Denard akawa mkuu wa Komando ya 6, na Schramme, sasa akiitwa meja, alipewa Komando ya 10. Kulikuwa na tofauti kubwa kati yake na wenzake. Wengi wao walikuja kwa mkataba wa miezi michache, wapate pesa zao na warudi kwao. Schramme alijiona kuwa mtu wa Kongo na alitaka maisha yake ya zamani. Askari wake wengi walikuwa Wakongomani, hasa Wakatanga. Baada ya kupigana na Simba alikaa Maniema na watu wake, akiendesha eneo zima kana kwamba ni lile shamba lake, ila sasa shamba lilikuwa na bunduki.

Serikali haiwezi kuvumilia jeshi ndani ya jeshi kwa muda mrefu. Mobutu alichukua madaraka tarehe 24 Novemba 1965, Tshombe akakimbilia Hispania. Kufikia 1967 Kinshasa ilitaka kuvunja vikosi vya mamluki, na upande wa pili watu wa Tshombe walikuwa wakipanga kumrudisha mkubwa wao. Tarehe 30 Juni 1967 ndege iliyombeba Tshombe ilitekwa angani na kupelekwa Algeria, ambako alifungwa. Siku tano baadaye, tarehe 5 Julai alfajiri, Schramme alishambulia kambi ya jeshi la taifa huko Kisangani. Katika kambi ile askari waliishi pamoja na wake zao na watoto wao. Wengi waliuawa, na si askari peke yao. Siku hiyohiyo waasi walishambulia pia Kindu na Bukavu.

Kisangani hawakuweza kuishika. Denard alijeruhiwa, akapakiwa katika ndege kwenda Rhodesia. Schramme alibaki mkuu wa wote. Alikusanya msafara wa magari, wapiganaji na familia zao, akapita njia za msituni kuelekea huku kwetu. Alikuwa na Wazungu kama 150 na Wakatanga karibu 1000. Karibu na tarehe 9 Agosti 1967, Bukavu ilikuwa mikononi mwake.

Kwa nini Bukavu? Tazama ramani. Mji uko kwenye mpaka. Nyuma yake kuna Ziwa Kivu na mto Ruzizi, na ng'ambo ya daraja ni Cyangugu, Rwanda. Ukishindwa, una mlango wa kutokea. Na ukitaka dunia ikusikie, waandishi wa habari wa kigeni wanaweza kukufikia kwa kupitia Rwanda. Tarehe 10 Agosti alitangaza serikali, akamweka Mkatanga mmoja, Kanali Léonard Monga, kuwa mkubwa wake, na Mobutu akapewa siku kumi akubali mazungumzo. Siku kumi zikapita. Kinshasa haikukubali.

Lakini mlango wa kutokea ni mlango tu, si barabara ya kuletea silaha. Njia za kwenda Uvira, Goma na Shabunda zote zilipita mikononi mwa jeshi la taifa. Kumbe aliyeshika Bukavu alikuwa amejifungia mwenyewe ndani.

Hapa lazima tuseme kidogo juu ya silaha, maana njo zilizoamua mambo. Mamluki wa wakati ule walikuwa na bunduki nzuri, mashingani zilizofungwa juu ya jipi, bazuka, na mota, ile ambayo sisi tunaiita mortiye. Mota ni kitu rahisi: bomba la chuma lililosimama juu ya sahani, likishikiliwa na miguu miwili. Unadondosha bomu mdomoni, linagonga chini, linaruka juu sana, kisha linaanguka kama jiwe lililotupwa juu ya nyumba. Zile za milimita 81, zilizokuwa za kawaida katika majeshi ya miaka ile, zilirusha bomu la kilo 3 au 4 hivi kwa umbali wa kilomita 3 na zaidi.

Kwa mji wa vilima kama wetu, hiyo ni silaha mbaya sana. Risasi inakwenda moja kwa moja, ukijificha nyuma ya kilima haikupati. Bomu la mota linapita juu ya kilima. Anayelirusha anaweza kukaa bondeni, haoni nyumba anayoipiga na mwenye nyumba hamwoni yeye. Pande zote mbili zikiwa na mota, kila mtaa unageuka uwanja wa vita, na paa la bati haliwezi kuzuia kitu. Mota ina ubaya mwingine pia: inakula mabomu haraka. Watu wachache wanaweza kumaliza kwa siku moja mabomu yaliyobebwa na lori kwa majuma. Jeshi la taifa likimaliza, lori lingine linakuja. Schramme akimaliza, amemaliza.

Na juu angani hakuwa na kitu. Serikali ilikuwa na ndege za T-28. Zilitengenezwa Marekani kwa ajili ya kufundishia marubani, zikiwa na propela moja na viti viwili, kisha zikafungwa mashingani, roketi na mabomu. Kwa vita vya Ulaya zilikuwa ndege za kizamani, lakini kwa mtu asiye na ndege ya vita zilitosha kabisa. Adui akiwa na ndege na wewe huna mizinga halisi ya kutungulia ndege, unabaki na mashingani tu: unainua mdomo wake juu na kumwaga masasi ukiomba moja limpate. Ndege inakuja kwa sekunde chache, inapiga, inaondoka. Kila sasi ulilolipiga hewani ni sasi ambalo hutakuwa nalo kesho. Schramme alishinda vita vyake vingi dhidi ya Simba kwa sababu ndege zilikuwa upande wake. Safari hii zilikuwa juu ya kichwa chake.

Hata hivyo alishikilia karibu miezi mitatu. Wapiganaji wake walizoea vita, na mara kadhaa mashambulizi ya jeshi la taifa yalirudishwa nyuma. Wakuu wa nchi za Afrika walikutana Kinshasa mwezi wa tisa na kudai mamluki waondoke bara zima. Msalaba Mwekundu ulitafuta njia ya kuwatoa bila damu nyingine kumwagika. Mazungumzo yalivuta, na wakati huo wote mji ulikuwa unaliwa. Wakaaji wengi walikuwa wamekimbilia vijijini au wamevuka Ruzizi. Nyumba na maduka yaliporwa. Bukavu ambayo wakati wa ukoloni ilisifiwa kwa maua na nyumba nzuri za kando ya ziwa ilibaki na kuta zenye matundu.

Mwisho wa mwezi wa kumi jeshi la taifa lilianza shambulio kubwa la mwisho, ndege juu, mota na askari chini. Tarehe 1 Novemba Denard alijaribu kumsaidia mwenzake kwa kuingia Katanga kutoka Angola na kundi dogo, wengine wao wakiwa juu ya baiskeli. Walifukuzwa baada ya siku chache, na kutoka Katanga hadi Bukavu ni mbali sana. Tarehe 5 Novemba 1967 Schramme na watu wake walivuka daraja la Ruzizi, wakakabidhi silaha zao kwa Wanyarwanda, na kuwekwa kambini Shagasha.

Sasa angalia kila mmoja alipata nini.

Wakatanga, ambao ndio walikuwa wengi katika kikosi, waliambiwa kwamba serikali imewasamehe. Mwezi huohuo walirudishwa Kongo na familia zao. Msamaha ule haukuheshimiwa, na wengi wao waliishia kuuawa. Tshombe, ambaye vita vilipiganwa kwa jina lake, hakutoka tena Algeria. Alifia huko mwezi wa sita 1969, akiwa bado mfungwa. Rwanda ilikataa kumkabidhi Mobutu wale Wazungu, na mwezi wa kwanza 1968 Kinshasa ikakata uhusiano na Kigali. Kwa watu wa Bukavu na Cyangugu, ambao soko lao ni moja na wana ndugu pande zote mbili, ugomvi wa wakubwa ulikuwa mzigo mwingine.

Mamluki wenyewe walipanda ndege mwezi wa nne 1968, wakarudi Ulaya baada ya kuahidi kwamba hawatakanyaga tena Afrika. Schramme alikuwa miongoni mwao. Mwaka uliofuata alitoa kitabu juu ya kikosi chake cha Chui, akieleza mambo kwa namna yake. Lakini kulikuwa na kesi iliyomfuata: Mbelgiji mwenzake aliyeuawa Yangambi mwezi wa tano 1967, kabla ya uasi. Schramme aliondoka Ubelgiji, mwishowe akaenda kukaa Brazili. Mwaka 1986 mahakama ya Mons ilimhukumu miaka 20 kwa mauaji yale, yeye akiwa hayupo. Hakufungwa hata siku moja ya hukumu hiyo. Alikufa tarehe 14 Desemba 1988 katika mji wa Rondonópolis, akiwa na miaka 59.

Ona basi: mahakama moja tu ilimhukumu, na ilikuwa kwa ajili ya Mzungu mmoja. Familia za askari waliouawa kambini Kisangani, Wakatanga waliomfuata hadi Shagasha, mama wa Bukavu ambaye bomu liliangukia jikoni mwake, hao hawakuwa na mahakama. Kuna watu wanaomsimulia Schramme kama shujaa aliyeshikilia mji na watu wachache mbele ya jeshi zima. Ujuzi wa vita alikuwa nao, hatukatai. Lakini kushikilia mji si sawa na kuulinda. Kila siku aliyoongeza pale iliongeza mabomu juu ya mapaa ya watu ambao hawakumwita na hawakuulizwa neno.

Watu waliokuwa watoto mwaka ule sasa wana miaka zaidi ya 60. Wanajua nani alikimbilia wapi, nani alirudi, na nyumba gani iliungua. Kama nyumbani kwenu kuna mzee wa namna hiyo, kaa naye, mwombe akueleze, na uandike majina ya watu anaowataja. Jina la Schramme tayari limeandikwa vya kutosha.