Yusuf bin Hasan: Mfalme aliyewageuka Wareno wakati wa sikukuu yao

Kila tarehe 15 Agosti, ofisi nchini Ureno hufungwa. Ni sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, siku ya mapumziko kitaifa. Vijiji hujaa watu waliohamia Ufaransa na Uswisi, wanaorudi nyumbani kwa likizo. Sanamu hubebwa barabarani, muziki hupigwa na fataki hulipuliwa usiku. Ushirombo nako, mji uliokua pembeni ya misheni ya zamani, Wakatoliki husali misa ya siku hiyohiyo.

Mombasa ya mwaka 1631 sikukuu hii ilimwaga damu, na aliyeimwaga alilelewa na Wareno wenyewe.

Yusuf alikuwa mtoto wa Hasan bin Ahmad, sultani wa Mombasa kutoka ukoo wa Malindi, ukoo uliokuwa rafiki wa Wareno kwa zaidi ya miaka mia moja. Urafiki huo haukumsaidia Hasan. Aligombana na kapteni wa Ngome ya Yesu, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa na watu waliopewa malipo ya Wareno. Kichwa chake kilipelekwa Goa, India.

Mtoto naye akapelekwa hukohuko Goa, akiwa na umri wa miaka saba hivi.

Alilelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino. Akabatizwa jina la Jerónimo, akasoma Kireno, akatumikia kwenye meli za kivita na kujifunza mizinga. Alifunga ndoa ya kanisani na kupewa heshima ya Kikristo ya kijeshi ambayo Wareno wengi waliitamani tu. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa kukalia kiti cha baba yake.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Wenyeji walimwona ni Mreno mweusi, mfalme Mkristo juu ya Waislamu. Wareno nao walimwona mwenyeji tu, taji au hakuna taji. Makapteni walimdharau hadharani. Alibaki katikati, huku hana watu na kule hana watu.

Usiku akawa anakwenda kwenye kaburi la baba yake na kusali Kiislamu. Alionekana, na habari zikamfikia kapteni Pedro Leitão de Gamboa. Mpango ukawa kumkamata na kumrudisha Goa akahukumiwe. Yusuf akaunusa mapema.

Katikati ya Agosti 1631, siku za sikukuu ya Kupalizwa, aliingia ngomeni na wafuasi wake kama mgeni wa kawaida. Mlango ulikuwa wazi. Nani angemzuia mfalme anayekwenda kumsalimia kapteni? Akamchoma kisu kapteni mwenyewe, na ngome ikawa mikononi mwake.

Kilichofuata hakipendezi kusimuliwa. Wakristo walitakiwa kusilimu au kufa. Waliouawa ni karibu 300, na si Wareno peke yao: Waafrika waliobatizwa walikuwa wengi, wanawake na watoto wakiwemo. Ndiyo maana wengine humkumbuka kama mkombozi na wengine kama muuaji, na pande zote zina ushahidi.

Januari 1632 meli za Goa zilifika kulipiza kisasi. Walipiga mizinga wiki kadhaa, wakashindwa. Zile kazi za mizinga alizofundishwa Goa, sasa aliwarudishia walimu wake. Lakini alijua watakuja tena, na miji mingi ya pwani haikumuunga mkono. Mei mwaka huo aliondoka na meli aliyoiteka, akiacha ngome tupu. Wareno wakaingia bila kupigana.

Miaka iliyobaki aliishi baharini, kati ya Arabuni, Madagaska na Komoro, akizishambulia meli za Wareno. Aliuawa Bahari ya Shamu karibu mwaka 1638, akiwa na miaka kama thelathini tu.

Juu ya lango la Ngome ya Yesu, Wareno waliweka jiwe la kujisifu kwamba ngome ilijengwa upya mwaka 1635. Jiwe hilo bado lipo, na watalii hupita chini yake kila siku.