Bibi Brooke na Farasi Wazee wa Vita

Katika mji wa Cairo, nchi ya Misri, iko hospitali ambayo wagonjwa wake huingia kwa miguu minne. Wenye wanyama hao ni watu maskini, nao hawatozwi kitu. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka 1934 na mwanamke Mwingereza, jina lake Dorothy Brooke. Lakini chanzo cha habari yake ni Vita Kuu ya kwanza, iliyopigwa tangu mwaka 1914 hata mwaka 1918.

Katika vita hiyo Waingereza walipigana na Waturuki katika nchi za Misri na Palestina. Huko jangwani motokaa zilikuwa chache, na mara nyingi mchanga ulizishinda. Basi askari wengi walipanda farasi. Farasi hao waliletwa kwa meli kutoka Uingereza, na wengi sana kutoka Australia. Walistahimili jua, vumbi na kiu, huku wamebeba mtu na bunduki yake na risasi na chakula. Vita ilipokwisha askari walirudi kwao, lakini farasi hawakurudi. Gharama za meli zilikuwa kubwa mno, tena ilihofiwa kwamba wangepeleka maradhi. Kwa hiyo wengi waliuzwa palepale Misri; hukisiwa kwamba walikuwa kama 20,000. Wakanunuliwa na watu wa mjini, wakafungwa magari ya mizigo, na wengine wakapelekwa kuvuta mawe machimboni.

Miaka zaidi ya kumi ikapita. Katika mwaka 1930 Bibi Brooke akafika Cairo pamoja na mumewe, Geoffrey Brooke, aliyekuwa mkuu katika jeshi la wapanda farasi. Bibi huyo alizaliwa mwaka 1883, naye aliwajua farasi na kuwapenda sana. Alipofika tu akaanza kuulizia kama kati ya farasi wale wa vita wako waliosalia. Akawatafuta njiani na katika mazizi, naye akawakuta: wamekonda hata mbavu zahesabika, wengine vipofu, wengine wachechemea, na migongo ina vidonda chini ya matandiko. Aliwatambua kwa chapa ya jeshi, iliyokuwa ingali imo ngozini. Wote walikuwa wamekwisha pita miaka ishirini, na farasi wa miaka hiyo ni mzee kweli kweli.

Siku moja, katika mazizi ya chama cha kuwatunza wanyama, alionyeshwa farasi mmoja aliyeitwa Old Bill, maana yake Bill Mzee. Alikuwa katika hali mbaya kupita wote. Bibi Brooke akamnunua, si kwa kumpanda wala kumfuga, bali apate kuuawa upesi pasipo maumivu na kupumzika. Tangu siku hiyo hakuweza kuwasahau waliobaki. Lakini walikuwa mamia kwa mamia, na fedha zake mwenyewe hazikutosha.

Basi katika mwaka 1931 aliandika barua katika gazeti la Morning Post la London. Akawaeleza watu wa kwao hali ya farasi hao waliotumika vitani pamoja na wana wao na ndugu zao, akaomba msaada. Fedha zikaja nyingi kuliko alivyotazamia. Ndipo akaunda halmashauri ya watu wa kumsaidia, ikawa kazi yao kununua farasi hao mmoja mmoja.

Kazi hiyo ilikuwa nzito. Wenye farasi waliwaleta kwenye zizi, na bibi akawatazama wote, ajue yupi ana chapa na yupi ana taabu kubwa zaidi. Walionunuliwa walitandikiwa majani makavu, wakapewa maji na chakula kizuri. Farasi aliyezoea kulala juu ya mawe hakujua hata majani yale ni ya nini. Alisimama akiyanusa, na baadaye akajilaza taratibu. Walipokwisha kupumzika, wengi wao waliuawa.

Labda msomaji atauliza, Je, ni huruma gani hii ya kumnunua mnyama ili auawe? Swali hilo ni la haki. Lakini farasi mzee asiyeona, mwenye vidonda visivyopona na miguu iliyoharibika, hakuwa na dawa tena. Kama asingenunuliwa angeendelea kuvuta gari hata aanguke chini ya mjeledi. Bibi Brooke mwenyewe alihuzunika sana, wala hakuizoea kazi hiyo. Hata hivyo hakumwachia mtu mwingine uchaguzi ule.

Jambo lingine nalistaajabia zaidi. Hakuwachukia wenye farasi. Aliona kwamba wengi wao walikuwa na njaa kama wanyama wao, na kwamba mtu anayelisha watoto kwa kazi ya farasi mmoja hawezi kumpumzisha hata siku moja. Kwa hiyo kumnyang'anya ingekuwa kumwua yeye na jamaa yake. Ilimpasa alipwe, apate kutafuta mnyama mwingine mwenye nguvu.

Katika muda wa miaka mitatu hivi walinunuliwa farasi kama 5,000. Farasi wa vita wakawa karibu kwisha, na wengine wangalidhani kazi imekwisha nayo. Lakini njia za Cairo zilikuwa zingali zimejaa farasi na punda wengine, wasiopata kuona vita kamwe, nao walikuwa na vidonda vilevile. Ndiyo sababu, mwaka 1934, ilifunguliwa ile hospitali, ikaitwa Hospitali ya Ukumbusho wa Farasi Wazee wa Vita. Hapo mchukuzi aliweza kumleta punda wake angali anatibika, na tena kufundishwa namna ya kumfunga matandiko yasimchubue.

Bibi Brooke alifariki mwaka 1955. Hospitali yake ingali ipo Cairo, na chama kilichotokana nayo, kiitwacho Brooke, sasa chafanya kazi katika nchi nyingi za Asia na Afrika. Mojawapo ni Kenya, ambako punda huwachukulia watu maji, kuni na mizigo ya sokoni.