Askofu Hannington na Njia ya Busoga

Kila mwaka, siku ya 3 Juni ikaribiapo, maelfu ya watu huondoka makwao kwenda Namugongo katika nchi ya Uganda, ili kuwakumbuka mashahidi waliochomwa moto mahali pale mwaka 1886. Wengine hupanda magari. Lakini wako wengi waendao kwa miguu siku nyingi, hata wengine hutoka Kenya na Tanzania. Watokao Kenya hupita nchi ya Busoga, huvuka mto Nile penye mji wa Jinja, kisha huingia Buganda. Zamani alikuwako mtu aliyejitayarisha kwa bidii sana kuifuata njia hiyo ya mashariki. Akafika hata akauona mto ule kwa macho yake, lakini hakuuvuka. Mtu huyo ni Askofu James Hannington.

Hannington alizaliwa Uingereza tarehe 3 Septemba 1847. Utotoni alikuwa mtundu, asiyeweza kutulia. Siku moja alichezea baruti, ikamlipukia, akapoteza kidole gumba cha mkono wa kushoto. Baba yake alikuwa mfanyi biashara, akataka mwanawe ashike kazi ile ile. Naye akaishika miaka michache, lakini moyo wake haukukaa humo. Akaiacha, akasoma mambo ya dini, na mwaka 1874 akawekwa kuwa shemasi. Baadaye alisikia habari za wamisionari wawili waliouawa Ukerewe mwaka 1877. Habari hizo zilimchoma moyo, akaomba apelekwe Afrika, ingawa alikuwa na mke na watoto.

Mwaka 1882 akafika Unguja pamoja na wenzake. Wakavuka mpaka Saadani, wakashika njia ya misafara ya zamani, wakipita Mpwapwa na Unyamwezi kwenda kusini ya ziwa Viktoria Nyanza. Njia hiyo ilikuwa ndefu, yenye homa nyingi. Hannington akashikwa na homa na kuhara damu, akakonda sana, hata ikawalazimu wapagazi kumchukua katika machela. Alifika ziwani, lakini hakuweza kufika Buganda. Mwezi wa Juni 1883 alikuwa amekwisha kurudi kwao Uingereza, na watu wengi walidhani kwamba hataiona Afrika tena.

Lakini hakukata tamaa. Alipopona, tarehe 24 Juni 1884 akawekwa kuwa askofu wa kwanza wa Kanisa lake katika Afrika ya Ikweta ya Mashariki. Katika safari yake ya kuja alipitia Palestina na mji wa Yerusalemu, na mwezi wa Januari 1885 akafika Mombasa.

Sasa tazameni jinsi alivyojitayarisha kwa safari ya pili. Kwanza aliichagua njia. Yule msafiri Joseph Thomson alikuwa amepita katika nchi ya Wamasai tangu mwaka 1883, akarudi salama. Njia hiyo ilikuwa fupi kuliko ile ya Unyamwezi, nayo ilipita katika nchi za juu zenye baridi, ambako homa si nyingi. Sisi wa Mbulu twazijua nchi za namna hiyo, na Wamasai ni jirani zetu tangu zamani.

Pili aliujaribu mwili wake. Mtu aliyepata kuchukuliwa katika machela hana budi kujua kama miguu yake ina nguvu. Basi mwaka ule ule wa 1885 akaenda kwanza Taita na nchi ya Wachaga chini ya mlima Kilimanjaro, akarudi pwani mzima.

Tatu aliiweka tayari mizigo. Siku zile fedha haikuwa na kazi katika bara. Msafiri alinunua chakula na kulipa hongo kwa nguo, ushanga na nyuzi za shaba. Vitu hivyo vilifungwa katika mizigo ya wapagazi, na kila mpagazi alijitwika mzigo wa ratli 60 hivi. Hannington akaandika wapagazi wapata 200.

Nne alimtafuta mwenzi wa safari, akampata William Jones. Huyu alikuwa Mwafrika aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa Bara Hindi, akarudi pwani kufanya kazi ya Mungu. Askofu alikuwa amemweka kuwa shemasi.

Tarehe 23 Julai 1885 msafara ukaondoka. Wakapita Ukambani, wakaingia Kikuyu, ambako chakula kilipatikana kwa taabu nyingi. Katika nchi ya Wamasai wakatoa hongo, wakapita. Mwezi wa Oktoba wakafika kwa Sundu, mahali paitwapo leo Mumias. Sehemu kubwa ya safari ilikuwa imekwisha, na askofu alikuwa na afya njema. Hapo akaona ni vema kumwacha Jones pamoja na wapagazi walio wengi, naye aende mbele kwa haraka na watu 50 tu.

Lakini liko jambo moja ambalo hakulijua. Mfalme Mutesa wa Buganda alikuwa amekufa mwaka 1884, na mwanawe Mwanga, aliyekuwa kijana bado, ameketi katika kiti chake. Waganda waliamini tangu zamani kwamba watu watakaoila nchi yao watatokea upande wa mashariki, katika Busoga. Tena mwaka huo wa 1885 habari zilifika kwamba Wadachi wanatwaa nchi katika bara ya pwani. Mwanga akaogopa. Wamisionari waliokuwa Buganda waliijua hatari hiyo, wakaandika barua kumwonya askofu asiipite njia ile, lakini hazikumfikia kwa wakati.

Tarehe 21 Oktoba akafika katika nchi ya Luba, mkuu mmoja wa Busoga. Akapanda kilima, akauona Nile kwa mbali, mwendo wa kama nusu saa. Mara watu wakamrukia, wakamkamata, wakamfungia kibandani. Akakaa kifungoni siku nane, mgonjwa, akisoma Zaburi na kuandika kila siku katika kitabu chake. Tarehe 29 Oktoba, kwa amri ya Mwanga, akauawa. Wapagazi wake nao wakauawa, wakaokoka wachache tu. Jina la askofu limeandikwa katika vitabu vingi. Majina ya wapagazi wale walio wengi hayajulikani na watu. Hata hivyo walitembea njia ile ile, nao walikuwa na mizigo vichwani.

Jones alipopata habari alingoja kwanza, huenda wengine wakatokea. Kisha akauongoza msafara kurudi, njia yote ile yenye njaa na hatari, akawafikisha Rabai mwezi wa Februari 1886. Kazi hiyo haikuwa ndogo kuliko ya kwenda.

Katika Buganda, Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi mkubwa wa mfalme, alimkemea Mwanga kwa ajili ya damu ya askofu. Akauawa tarehe 15 Novemba 1885, na mwaka uliofuata wenzake wengi wakafa Namugongo. Mifupa ya Hannington ikazikwa Namirembe tarehe 31 Desemba 1892. Baadaye mwanawe alikuja kufanya kazi Busoga, akambatiza mwana wa yule mkuu Luba.

Enyi wanafunzi, mtu atakaye kwenda safari ndefu kwa miguu hutazama viatu vyake, chakula chake na nguvu za mwili wake. Hayo yote Hannington aliyafanya vizuri. Lakini tena imempasa mtu kujua mambo ya watu wenye nchi atakayopita: wanaogopa nini, wanaamini nini, nani anatawala sasa. Mwenda pole hajikwai, na kuuliza si ujinga. Nao waendao Namugongo leo huuvuka mto ambao yeye aliuona kwa mbali tu, kwa kuwa wako waliotangulia katika njia hiyo na hawakurudi.