Kalidasa, mutu mwenye alipatia wingu masikio

Kalidasa alikuwa mutunga-mashairi wa Uhindi. Wenye elimu wengi wanaweka maisha yake karibu na mwaka 400, wakati wa wafalme wa Gupta. Aliandika mu Kisanskriti, na jina lake maana yake ni mutumishi wa Kali, mungu mwanamuke wa kwao.

Watu wanasimulia kama mu ujana wake alikuwa mujinga kabisa. Siku moja walimukuta amekaa ku tawi la muti, na lile tawi ndilo alikuwa anakata! Wakamudanganyia binti ya mufalme, akamuoa. Bibi alipojua ukweli, akamufukuza. Kijana akaenda kulilia Kali, akapewa akili. Hiyo ni hadisi tu. Kazi yake ndiyo imebakia.

Kwa Kalidasa, miti na mito ni ndugu. Mu mchezo wake wa Shakuntala, musichana mwenye alikomalia mu pori anaaga, anaenda kwa bwana yake. Miti inamupa nguo na mapambo, na mutoto wa swala anamuvuta nguo ili asiende. Mu mwaka 1789, William Jones, juji wa Kiingereza ku Calcutta, alitafsiri ule mchezo, na Ulaya yote ikashangaa.

Lakini shairi lenye linagusa zaidi watu wa kazi ni Meghaduta, ni kusema Wingu Mujumbe. Yaksha mumoja, mutumishi wa Kubera, mungu wa utajiri, alizarau kazi yake. Kubera akamufukuza mwaka muzima, mbali na bibi yake. Ilipobakia miezi 4, mvua ikakaribia. Akaona wingu ku mulima, akaliomba lipeleke habari nyumbani. Akalionyesha njia yote: milima ya kupumuzikia, na mito yenye kulingojea kama wanawake wenye kungojea bwana.

Kalidasa mwenyewe aliandika kama wingu ni moshi, mwangaza, maji na upepo tu, halina masikio. Lakini mutu mwenye kukamatwa na hamu ya bibi yake hachagui wa kuzungumuza naye. Mwenye kufanya kazi mbali na nyumba anaelewa ile.

Mwisho, yule yaksha anatakia wingu mema: lisitengane hata kidogo na radi, bibi yake.