Sokoine na Mzigo wa Wote

Kila ifikapo tarehe 12 Aprili hutajwa jina la Edward Moringe Sokoine, aliyefariki dunia mwaka 1984 katika ajali ya gari huko Dakawa, mkoani Morogoro, akitoka kwenye kikao cha Bunge Dodoma kurejea Dar es Salaam. Alikuwa na umri wa miaka 45. Sisi wa Visiwani humkumbuka kwa heshima, lakini mara nyingi sifa zake husomwa kama risala, kisha watu wakaenda zao. Tumeona si vibaya safari hii kuyatazama maisha yake kwa kituo, na hasa jambo moja: namna alivyoitaka nchi nzima ijinyime, na kwa haki gani aliitaka.

Alizaliwa Monduli tarehe 1 Agosti 1938, katika jamii ya Wamaasai. Alisoma Monduli na Umbwe, akajiunga na TANU mwaka 1961, akaenda Ujerumani Magharibi kujifunza utawala, na aliporudi akafanya kazi wilayani kwao. Mwaka 1965 akawa Mbunge. Ngazi alizipanda moja baada ya nyingine: Naibu Waziri mwaka 1967, Waziri wa Ulinzi mwaka 1972, Waziri Mkuu Februari 1977. Huo ndio mwaka ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na shida zikaanza kuja kwa mfululizo.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Wanajeshi walikwenda mbele, nao wanasifiwa kwa haki. Ila vita havipiganwi kwa bunduki peke yake. Askari huyo yapasa ale, avae, asafirishwe mamia ya maili katika barabara za matope, na kazi ya kuikusanya nguvu ya raia ilimwangukia Sokoine. Malori ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yalichukuliwa kwenda mpakani. Mikoa ikatoa ng'ombe, nafaka na fedha. Mgambo wakaacha mashamba. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa. Gharama inakisiwa kufika dola milioni 500 za Marekani, kwa nchi ambayo mwaka huohuo ilikuwa inanunua mafuta kwa bei iliyopanda ghafula. Mwalimu Nyerere akawaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18.

Miezi 18 ilipita, na mikanda haikulegea. Wanaokumbuka miaka ile hawahitaji kuelezwa habari ya foleni ya sukari, au kipande cha sabuni kilichokatwa kwa uzi kikagawiwa nyumba mbili. Hapa ndipo palipokuwa na mtihani. Mtu hukubali kukosa akijua kwamba na jirani yake amekosa. Akiona mlango wa nyuma wa duka uko wazi kwa wachache, na bidhaa zinapita humo kwa bei ya ulanguzi, basi kujinyima kwake kunageuka kuwa ujinga, na hapo hakuna hotuba itakayomrudisha.

Sokoine, aliyekuwa ameondoka madarakani mwaka 1980 kwa sababu ya afya, alirudishwa kuwa Waziri Mkuu Februari 1983, na jambo hilo alilielewa. Mwezi uliofuata msako wa wahujumu uchumi ukaanza. Zaidi ya watu 1,000 walikamatwa. Maghala yakafunguliwa, wengine wakatupa mali zao usiku zisije zikaonekana. Wala hawakukamatwa wafanyabiashara peke yao, kwani walikuwamo pia watumishi wa umma. Azimio la Arusha lilikuwa limewakataza viongozi tangu mwaka 1967 kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha, na kwa muda mfupi wananchi waliamini kwamba maneno yale bado yana mwenyewe. Tunawaomba maofisa wanaotusoma wasilipite jambo hili haraka. Nguvu ya Sokoine ya kuwaambia watu wavumilie ilitokana na kwamba yeye mwenyewe hakuonekana kula pembeni.

Lakini hatutakuwa wakweli tukiishia kwenye sifa. Sheria ya 1983 iliweka mahakama maalumu. Mshtakiwa hakuruhusiwa wakili, wala dhamana, wala rufaa. Waliolanguliwa walishangilia, na tunaelewa kwa nini. Hata hivyo, dhiki ya wengi haimpi mtu yeyote ruhusa ya kumfunga mwenziwe bila kumsikiliza sawasawa. Tena mlanguzi hakuwa chanzo cha uhaba wote. Viwanda vilikosa fedha za kigeni za kununulia vipuri na malighafi, na mkulima alilipwa bei isiyomtamanisha kulima. Ghala lililofichwa likishafunguliwa na kumalizwa, kesho yake duka ni tupu vilevile.

Yaelekea naye aliliona hilo, maana hakuwa mtu wa kushika rungu tu. Katika mwaka huohuo wa 1983 watu binafsi waliruhusiwa kuendesha mabasi ya abiria Dar es Salaam, kazi iliyokuwa ya shirika la umma, na hapo ndipo zilipozaliwa daladala. Sheria ya Nguvukazi nayo ni ya mwaka huo, na katika hiyo wasio na kazi walisombwa mijini kupelekwa mashambani; hiyo hatuoni kama ilizaa matunda makubwa.

Kifo kilimkuta katikati ya kazi. Mwalimu mwenyewe aliitangaza habari hiyo redioni, na huku kwetu, ambako Januari ya mwaka huo Aboud Jumbe alikuwa amejiuzulu na mioyo ilikuwa bado haijatulia, msiba ule ulikuwa wa pili. Alizikwa Monduli. Chuo cha kilimo cha Morogoro kikapewa jina lake mwaka huohuo.

Tarehe 24 Aprili 1984 nafasi yake ilishikwa na Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Pemba, pamoja na kazi yote ambayo ilikuwa haijakwisha. Kabla ya mwaka kuisha ile sheria ya mahakama maalumu ilikuwa imefutwa na nyingine kutungwa mahali pake, makosa ya uchumi yakarudishwa Mahakama Kuu, na mshtakiwa akaruhusiwa kuwa na wakili.