Alibhai Mulla Jeevanjee na Gazeti Lililomgeukia

Wametuuliza baadhi ya ndugu wanaohudhuria darsa yetu hapa katikati ya mji wa Nairobi swali moja kwa maneno mbalimbali: ni gazeti gani, au ni kituo gani cha televisheni, ambacho Mwislamu aweza kukitegemea katika khabari za siasa asidanganywe? Hatukuona jawabu iliyo bora kuliko kuwasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake wanalipita kila siku. Bustani ya Jeevanjee iko mwendo wa dakika chache tu kutoka Msikiti wa Jamia, baina ya Barabara ya Moi na ile ya Muindi Mbingu. Wengi hupumzika humo mchana, na wengine hukusanyika humo kujadili siasa mpaka wakajiita Bunge la Mwananchi. Lakini ukiwauliza Jeevanjee alikuwa nani, wachache ndio watakaokujibu.

Tutangulize neno moja. Mtu huyu alikuwa Bohora, na tofauti zilizopo baina ya madhehebu yake na mwendo wetu sisi ni kubwa, wala hatuna haja ya kuzificha. Lakini Sura ya Al-Maida imetuamrisha uadilifu hata juu ya wale tunaohitilafiana nao, na asiyeweza kumsimulia mtu wa madhehebu mengine kwa haki hana uso wa kulalamika magazeti yanapowasimulia Waislamu kwa dhulma.

Alizaliwa Karachi mwaka 1856, katika nyumba isiyokuwa na mali. Elimu ya skuli aliyoipata ilikuwa kidogo. Alitoka kwao angali kijana akitafuta riziki kwa kuchuuza, safari zikamfikisha mpaka Australia, akafanya biashara ya bidhaa za Kihindi katika mji wa Adelaide. Mwaka 1890 akaingia Mombasa. Wakati ule Kampuni ya Kiingereza ndiyo iliyokuwa ikitawala pwani na bara, naye akawa mwenye kuiletea watu na vitu. Serikali ya Uingereza ilipoamua kujenga reli ya kwenda Uganda, akapata mkataba wa kuleta wafanya kazi kutoka Bara Hindi na kuwapatia chakula. Wahindi walioletwa kwa kazi ile walizidi 30,000, na waliokufa kwa maradhi na ajali na meno ya simba ni kama 2,500. Mali ya Jeevanjee ilitokana na jasho hilo, na si haki kulisahau tunapoyataja mema yake.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mahali hapa palikuwa kinamasi na mahema. Yeye akawa miongoni mwa wa kwanza kujenga. Alijenga soko la mji, akajenga nyumba ambazo baadhi yake Serikali yenyewe ilikodi kuwa ofisi zake, na akaitoa ardhi ya bustani kwa watu wote. Mwaka 1906 ikafunuliwa humo sanamu ya Malkia Victoria aliyoitoa yeye. Kwa masanamu hatumsifu.

Sasa tuje kwenye gazeti. Mwaka 1902, huko Mombasa, Jeevanjee alianzisha gazeti la kila wiki kwa lugha ya Kiingereza, akaliita African Standard, akamwajiri Mwingereza aitwaye Tiller kuwa mhariri wake. Tusidhani kwamba alilianzisha kwa ajili ya kuwatetea wanyonge. Alikuwa tajiri mwenye mikataba, na tajiri wa namna hiyo hupenda kuwa na mahali pa kusemea. Mwafrika hakuwa na sauti humo. Pamoja na hayo, lilikuwa ni jambo la ajabu katika nchi iliyotawaliwa na Wazungu kwamba mtambo wa kupiga chapa uwe ni mali ya Mhindi Mwislamu.

Mwaka 1905 aliliuza. Wakalinunua Wazungu wawili, wakaliita East African Standard. Na mwaka 1910 wakalihamishia Nairobi, likawa la kila siku. Neno moja tu liliongezwa katika jina lake, nalo likawa ulimi wa masetla. Miaka ile ndiyo masetla walikuwa wakiitaka Serikali iwazuilie wao peke yao ardhi ya milimani, iwatenge Wahindi katika mitaa yao, na iwanyime kura. Madai hayo yalikuwa yakisomwa kila asubuhi katika gazeti lile lile ambalo Jeevanjee alikuwa amelipa gharama ya kuzaliwa kwake. Msomaji aliyelizoea tangu zamani, akaendelea kuliamini kwa sababu ya mazoea, alikuwa akisomewa maneno ya watu wengine kwa jina analolijua.

Mwaka 1909 Jeevanjee aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na hakuwako kabla yake mtu asiyekuwa Mzungu aliyekaa humo. Akaona haraka kwamba sauti moja kati ya watu wote wale haina uzito. Mwaka 1910 akenda London kupeleka mashtaka, akazungumza na gazeti moja la huko. Akaeleza dhulma wanayotendewa Wahindi, na katika kueleza akavuka mpaka: akapendekeza kwamba nchi hii iunganishwe na Dola ya India. Waafrika wenye nchi hakuwataja kama watu wa kuulizwa.

Hapa tunataka wasomaji wetu wasimame kidogo. Maneno yale alikuwa ameyasema, wala hakusingiziwa. Masetla wakayashika, wakayakariri miaka na miaka kuwa ni ushahidi kwamba Wahindi wanataka kuiteka nchi, huku wakiyaacha mashtaka yote mengine aliyoyapeleka, yaliyokuwa ya kweli. Huu ndio upotoshaji ulio mgumu kabisa kuugundua, kwa sababu hauna uwongo ndani yake. Mwandishi huokota neno moja la kweli, akalinyamazia la pili lililo la kweli vile vile. Na ukimwambia amedanganya, atakutolea hati na tarehe.

Mwezi wa Machi 1914 ulifanyika Mombasa mkutano wa kwanza wa Kongresi ya Wahindi wa Afrika ya Mashariki, naye ndiye aliyeuongoza. Baada ya Vita Kuu ya kwanza mambo yakazidi ukali. Mwaka 1919 Tume ya Uchumi, ambayo Lord Delamere na Grogan walikuwamo, iliandika kwamba Wahindi ni wachafu na kwamba wanawaharibu Waafrika tabia. Wahindi nao wakaona lazima wawe na gazeti. Hapa Nairobi Manilal Desai akasimamisha East African Chronicle, na katika mtambo wake zikapigwa chapa karatasi za Harry Thuku zilizolalamikia kodi na kipande. Thuku akakamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye watu waliokusanyika penye kituo cha polisi wakapigwa risasi. Serikali ikatangaza waliokufa ni 21. Waafrika waliohesabu maiti wakataja zaidi ya 50. Mwaka huo huo Chronicle likafungwa. Hesabu ya Serikali ikabaki na wa kuitangaza, na ile ya pili ikabaki katika vifua vya watu.

Tumerudi basi kwenye swali la ndugu zetu. Maulamaa wetu wa Hadithi hawakupata kuuliza ni kitabu gani kisichokosea, wakakifumbia macho. Waliuliza juu ya kila khabari: nani ameipokea, kutoka kwa nani, walikutana wapi, ana maslaha gani katika kuisema, na je, wako wengine walioipokea kwa njia isiyopitia kwake? Nayo Sura ya Al-Hujurat imeamrisha kuchungua khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Kipimo hiki twakitumia kwa mapokezi ya miaka elfu na zaidi, kisha twakiacha nyumbani tunapofungua gazeti au simu! Mwenye kukitumia hatatafuta gazeti la kuliamini daima. Atatazama mwenye mali ni nani mwaka huu, na matangazo yatoka wapi, kwani anayelipa matangazo ananunua na kimya.

Gazeti la Jeevanjee lenyewe latosha kuwa mfano. Baadaye lilinunuliwa na kampuni ya Lonrho. Kisha likaitwa The Standard. Mwaka 1995 likaingia mikononi mwa wenyeji waliokuwa karibu na watawala wa siku hizo. Na mwezi wa Machi 2006, chini ya utawala mwingine, askari waliofunika nyuso waliuvamia mtambo wake usiku wakayatia moto magazeti. Jina moja limekuwa mali ya Mhindi, ulimi wa setla, rafiki wa dola, kisha mhanga wa dola. Atakayesema analiamini au haliamini, na aseme kwanza la mwaka gani.

Na baada ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 sote tuliona jinsi vituo vya televisheni, vikisoma fomu zile zile zilizokuwa wazi kwa watu wote, kimoja kikimweka mbele mgombea huyu na cha pili mgombea yule kwa saa moja. Aliyetazama kituo kimoja alilala na yakini. Aliyetazama viwili alilala na shaka, na usiku ule shaka ndiyo iliyokuwa karibu na ukweli, kwani hesabu ilikuwa haijakamilika.

Jeevanjee alifariki dunia hapa Nairobi mwaka 1936, na mali yake ilikuwa imepungua sana. Mwaka 1991 walitokea watu waliotaka kuichukua bustani wajenge maduka na mahali pa kuegesha magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama na wenziwe kupinga, na mpango ukaachwa. Yeye ndiye aliyeandika, mwaka 1997, kitabu kirefu juu ya maisha ya babu yake. Tunawashauri ndugu zetu wakisome, kwani amekusanya mengi ambayo wengine waliyapuuza. Nao wasisahau, wanaposoma, kwamba rawi ni mjukuu.