Shaaban Robert: Karani ambaye hakwenda vitani, akawaandikia askari utenzi

Kama umesoma sekondari Njombe mjini au Makambako, Shaaban Robert unamjua. Kusadikika umekisikia, Adili na Nduguze pia, na mashairi yake huenda yamekutoa jasho kwenye mtihani wa Kiswahili.

Lakini kuna kazi yake moja kubwa ambayo wengi wetu hatujawahi hata kuishika: Utenzi wa Vita vya Uhuru. Unasimulia Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kuanzia 1939 hadi 1945, kwa beti zipatazo 3,000. Na aliyeuandika hakuwa askari.

Mtoto wa Vibambani

Alizaliwa Januari 1, 1909, kijiji cha Vibambani, Tanga. Asili ya wazazi wake ni Wayao, ila mwenyewe alijihesabu Mswahili. Alisoma Dar es Salaam, na mwaka 1926 akaajiriwa karani wa forodha. Kazi hiyo aliifanya mpaka 1944, ikampeleka vituo kadhaa, Pangani kikiwemo. Baadaye akahamia idara ya wanyamapori, kisha akarudi Tanga.

Kwa hiyo vita vilipopamba moto, yeye alikuwa mezani na makaratasi ya serikali. Uandishi haukuwa ajira yake.

Vijana zaidi ya 80,000

Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza. Vijana wake zaidi ya 80,000 waliingia jeshini. Wapo waliojiunga kwa hiari, wapo walioandikishwa kwa lazima. Wengi walivaa sare za KAR, kikosi cha Waingereza cha Afrika Mashariki, kilichopigana na Waitaliano Ethiopia, kikaenda Madagascar mwaka 1942, halafu kwenye misitu ya Burma dhidi ya Wajapani.

Nyumbani habari zilifika kwa redio na magazeti kama Mambo Leo, lililokuwa pia likichapisha mashairi. Shaaban akaamua vita hivyo vipate utenzi.

Uamuzi huo haukuwa mdogo. Tangu Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728, utenzi ndiyo nyumba ya mashujaa wa Kiswahili. Hata huku kwetu tuna mfano. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilifika hadi misheni ya Yakobi, jirani na Njombe mjini, na vita hivyo vikapata utenzi wake, ulioandikwa na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Shaaban alikuwa anaifuata njia hiyo hiyo: vita vikipiganwa, mshairi aweke kumbukumbu.

Ujasiri wa nini?

Sasa, mtu ambaye hakwenda vitani anaandikaje ujasiri wa askari?

Hakuwa wa kwanza. Mwaka 1854 mshairi wa Uingereza, Alfred Tennyson, alisoma gazetini habari za wapanda farasi wa nchi yake waliotumwa kuishambulia mizinga ya Warusi kwa amri iliyokosewa. Shairi aliloandika likawa maarufu mno. Linasifu utii wao: waliamriwa, wakaenda, wengi hawakurudi.

Shaaban alikwenda hatua moja mbele, na hatua hiyo iko kwenye jina la kazi yake. Hakuviita vita vya Waingereza wala vya Hitler. Aliviita vita vya uhuru. Maana yake, aliyekufa hakufa kwa sababu ya amri tu. Alikufa kwa ajili ya kitu.

Utenzi uko upande wa Uingereza na wenzake, hilo halijifichi. Lakini hebu fikiria. Kijana anatoka Tanganyika, nchi isiyo huru, anakwenda kufa ili wengine wawe huru. Akirudi, anakuta bado anatawaliwa. Ukishakubali kwamba damu yake ililipia uhuru, huwezi tena kumwambia uhuru huo haumhusu.

Hakukiona kitabu

Uhuru wa Tanganyika ulikuja Desemba 9, 1961. Shaaban aliushuhudia kwa miezi sita tu. Alifariki Juni 1962, akiwa na miaka 53.

Utenzi ulichapwa na Oxford University Press mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Kazi ndefu kuliko zote alizoandika kwa ushairi, na mwenyewe hakuwahi kuifungua ikiwa kitabu.

Ila alichotaka kilitimia: vita vile vipo kwa Kiswahili, lugha waliyoitumia askari wenyewe kambini.

Beti 3,000 bado hazitoshi majina ya watu 80,000. Kama kwenye ukoo wenu kuna babu aliyekwenda Burma, muulize mzee aliyebaki, kisha andika jina lake leo. Hata kwenye simu hiyo uliyoishika.